Nani Amwitike Mtoto? Habari za Malezi na Mafunzo katika Mitaa ya Kariakoo

Katika adabu za pwani mtoto akiitwa hana budi kuitika, wala si kwa neno lo lote limjialo kinywani. Mvulana huitika "Naam", msichana huitika "Abee" au "Bee", na wazee wa zamani walipenda zaidi kusikia "Labeka", neno lenye asili ya Kiarabu ambalo maana yake ni kama kusema, Nipo, nakutumikia. Mtoto akijibu "Nini?" watu husema hakufunzwa kwao, na aibu humrudia mama yake hata kama hayupo. Hivyo lugha yetu imeliweka wazi deni la mtoto kwa mkubwa. Deni la mkubwa kwa mtoto halikupewa neno lake. Walakini mtoto naye huita: huita kwa kilio kabla hajajua kusema, huita kwa kidole na kwa macho, halafu siku moja huanza kuita kwa maswali, na maswali hayo hayana mwisho. Je, nani humwitika?

Hatuulizi neno hili kwa kupenda mabishano. Mwalimu ye yote aliyepata kusimama mbele ya darasa la kwanza ajua kwamba watoto wawili wenye umri mmoja, waliokula chakula cha namna moja, huweza kuja shuleni mmoja akiwa na maneno tele na mwingine akiwa kimya kama mgeni katika nchi asiyoijua. Mara nyingi tofauti hiyo imekwisha kufanyika kabla mwalimu hajaiona sura ya mtoto. Twataka kuitazama habari hii mahali pamoja tu, yaani Kariakoo ya Dar es Salaam. Tumepachagua kwa kuwa wazazi wa hapo wengi walitoka mbali, na wale ndugu ambao kwa desturi wangalimwitika mtoto walibaki nyuma shambani au bara, hata ikaupasa mji kutafuta watu wengine wa kuifanya kazi ile.

Kariakoo si mji wa kale. Palikuwa mashamba ya minazi. Serikali ya Wadachi, iliyoifanya Dar es Salaam makao yake makuu mwaka 1891, ilikata shauri karibu na vita ya 1914 kuwatengea Waafrika mtaa wao, ikajenga na jumba la soko. Vita ikaingia kabla soko halijafanya kazi yake. Waingereza walipoutwaa mji mwezi wa Septemba 1916, jumba lile na uwanja wake vikawa kambi ya wapagazi wa jeshi, yaani Carrier Corps, na vinywa vya watu vikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Wapagazi hao walikusanywa kutoka makabila mengi ya Afrika ya Mashariki, na makumi ya maelfu yao walikufa njiani kwa maradhi na njaa. Baada ya vita jumba likawa soko, mitaa ikapimwa kwa kamba ikanyoka, na mingine ikapewa majina ya mapigano ya mwaka 1917, kama Mahiwa na Narung'ombe. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi makusudi, ili makao ya Waafrika yatengane na mtaa wa Wahindi. Huo ndio mwanzo wake: mtaa uliopangwa na serikali kwa ajili ya kutenga watu, ukapewa jina na watu waliobebeshwa mizigo ya vita isiyokuwa yao.

Nyumba ya Kariakoo yafaa tuieleze vizuri, kwa kuwa mwalimu wa kwanza wa mtoto ni nyumba yenyewe. Ilikuwa nyumba ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, na ukumbi mrefu katikati unaotoka barazani mpaka uwani. Mwenye nyumba, ambaye mara nyingi alikuwa mwanamke, alikaa chumba kimoja au viwili, na vingine alivipangisha. Katika kila chumba alikaa mume na mkewe na watoto wao, au vijana wawili watatu wa kazi. Baraza lilikuwa la wanaume, na uwani palikuwa pa wanawake: hapo palikuwa na mafiga, mtungi, kinu, kamba ya kuanikia nguo, na hapo walikutana Mzaramo, Mnyamwezi, Mmakonde, Mmanyema na Mngoni, kila mmoja na lugha ya kwao. Mwaka 1948 mji wote ulihesabiwa watu 69,227. Mwaka 1957 walikuwa 128,742. Watu wakazidi kubanana katika vyumba vile vile, na maofisa waliotembelea nyumba hizo waliandika habari za msongamano, za vyoo na za mbu. Yote hayo yalikuwa kweli, lakini mtu apitaye barazani hawezi kusikia yasemwayo uwani.

Mtoto aliyetambaa uwani hakuwa na mkubwa mmoja wa kumwita, alikuwa na sita au saba. Akinyosha kidole kwenye chungu, yule aliye karibu humwambia jina lake. Akilitamka vibaya, mwingine hucheka na kulitamka sawasawa, naye hurudia. Mama zake wote hao hawakuwa na lugha moja ya asili, basi walimjibu kwa ile waliyoshirikiana, yaani Kiswahili. Ndivyo Kiswahili kilivyokuwa lugha ya mama kwa watoto ambao mama zao hawakuzaliwa nacho. Wasomaji wetu wajua kwamba Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki ilianzishwa mwaka 1930, na kazi yake ikaanza papa hapa Dar es Salaam, ikasanifisha tahajia na kutengeneza kamusi iliyotoka mwaka 1939. Kazi hiyo twaiheshimu. Ila katika miaka ile ile, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka ofisi za serikali, wanawake wasiojua kuandika walikuwa wakiitia lugha ile ile katika vinywa vya watoto, neno baada ya neno, kwa kuwaitika tu. Hakuna aliyeandika orodha ya maneno yao.

Kuna jambo moja la desturi ambalo ni lazima kulifahamu hapa, maana bila hilo mgeni hudhani kwamba mtoto wa Kiafrika hazungumzi na wakubwa kamwe. Ni kweli kwamba mbele ya baba mtoto hunyamaza. Husalimu "Shikamoo", huitikiwa "Marahaba", kisha hungoja kutumwa. Heshima ndiyo iliyomzuia, wala si ukali peke yake. Lakini desturi hiyo hiyo iliyoufunga mlango wa baba iliufungua mlango wa babu na bibi. Kati ya babu na mjukuu kuna utani. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", babu humwita wa kike "mke wangu", naye mtoto huruhusiwa kumcheka mzee, kumbishia, kumwuliza kwa nini hana meno, na kumwuliza mambo ambayo akimwuliza baba atapigwa. Bibi ndiye mwenye hadithi na vitendawili. Na kitendawili, tukikitazama kwa makini, ni mafunzo ya kuitikana: mmoja hasemi mpaka mwenziwe amwambie "Tega", na aliyeshindwa hana budi kutoa mji ndipo apewe jibu. Mtoto wa miaka mitano akitega, mtu mzima hulazimika kungoja na kufikiri. Katika mambo yote ya siku hiyo ndiyo saa pekee ambayo mtoto ndiye mwenye kuuliza na mkubwa ndiye mwenye kutafuta jibu.

Sasa huyo bibi alikuwa wapi? Alibaki Kisarawe, au Songea, au Tabora. Hapo ndipo mji ulipopata hasara, na hapo ndipo uwani palipotenda kazi yake kubwa. Mwenye nyumba aliyekuwa mzee aligeuka kuwa bibi wa watoto wote wa wapangaji, akawa mtani wao, akawaamua ugomvi na kuwapa makoko ya wali. Nyumba iliyopata mwenye nyumba wa namna hiyo ilikuwa na bahati. Nyingine haikumpata, watoto wake wakalelewa na barabara. Wazaramo, ambao mji umejengwa katika nchi yao, walikuwa karibu na kwao kuliko wengine, nao hawakuyaacha mambo yao upesi. Mwali wao aliwekwa ndani na kufundwa na kungwi, tena alipewa mwana hiti, sanamu ndogo ya mti, aipake mafuta na kuitunza nywele kama mtoto mchanga. Watu wengi walioandika habari za mwana hiti waliangalia mti na ustadi wa kuchonga. Sisi twaona kwamba watu hao walijua kuwa kulea ni kazi inayofunzwa kabla haijafika, wala hawakuiacha ijifunze yenyewe. Mjini siku za kuwekwa ndani zilipungua, na palipobaki unyago wa siku chache, muda wa kumshika mwana hiti haukuwapo.

Tuje kwenye chuo. Watu wa Kariakoo wengi walikuwa Waislamu, na mafunzo ya kwanza ya mtoto nje ya nyumba yalikuwa chuoni, katika baraza au chumba cha mwalimu. Mwenyeji wa Bagamoyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyefundisha Kiswahili Berlin, aliziandika desturi za Waswahili katika kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, na mambo ya chuo yamo. Walimu wa misioni kwa muda mrefu walikidharau chuo, wakisema kwamba watoto huimba maneno wasiyoyafahamu, tena wanachapwa. Hayo hatuyakatai. Lakini tazama namna kazi yenyewe ilivyopangwa. Kila mtoto alikuwa na ubao wake na somo lake. Mmoja yuko katika herufi, wa pili katika kuunganisha, wa tatu amekwisha kufika juzuu ya pili, na wote wamekaa jamvi moja. Kelele ile ambayo mpita njia aliiona kuwa fujo ilikuwa watoto ishirini wakisoma masomo ishirini. Kisha mmoja mmoja huja mbele ya mwalimu, husoma, naye humsikiliza yeye peke yake. Akikosa hurudi na ubao ule ule, akipata hufutiwa na kuandikiwa mwingine. Hakuna aliyevutwa mbele kwa sababu wenzake wamekwenda, wala aliyezuiwa kwa sababu wenzake wamechelewa. Wanafunzi wakubwa waliwasikiliza wadogo. Tuseme kwa haki: mwalimu wa chuo hakumwitika mtoto kwa maana ya kumweleza, lakini alimsikiliza kila siku kwa sikio lake mwenyewe, na hilo darasa la watoto sitini haliliwezi.

Na soko lenyewe lilifundisha. Mtoto wa Kariakoo alianza kutumwa akiwa na miaka minne au mitano: chumvi ya senti, mafuta ya taa, kibaba cha mchele. Kutumwa si utumishi tu. Ilimpasa akumbuke ujumbe, aubadili maneno yake kwa Mhindi mwenye duka asiyekijua Kiswahili sana, aijue thamani ya sarafu, arudi na baki iliyo sawa. Tena mambo yenyewe yaligeuka mikononi mwa watu. Wadachi walikuwa na rupia ya heller mia. Mwaka 1921 Waingereza wakaleta shilingi ya senti mia. Mama aliyeizoea hesabu ya kwanza alijifunza ya pili pamoja na mwanawe, na pengine mwana alimtangulia. Vibaba vinne ni pishi moja, na fungu la ndizi halina kipimo ila jicho. Mwanamke mwenye kuuza mafungu alimweka mtoto kando yake, na mtoto alipanga nyanya nne nne, akavuruga, akapangiwa tena mbele ya macho yake, mpaka siku moja mama akamwachia biashara akaenda kuteka maji. Mtaalamu Robert Serpell, katika kitabu chake cha mwaka 1993, ameeleza kwamba Wachewa wa Zambia huipima akili ya mtoto kwa kuangalia ni nani awezaye kutumwa akaaminiwa. Watu wa Kariakoo wangaliyafahamu maneno hayo pasipo kufasiriwa. Kasoro moja yatupasa kuitaja: mtoto anayetumwa kutwa nzima hachezi, na asiyecheza mdako na kombolela hana mahali pa kujifunza kuafikiana na wenziwe wa rika moja.

Shule ya serikali ilikuja na utaratibu mwingine. Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianza mwaka 1920, Stanley Rivers-Smith akiwa mkurugenzi wake wa kwanza. Mwaka 1923 likatoka gazeti lake la Mambo Leo. Mwaka 1924 ikaja tume ya Phelps-Stokes pamoja na Mwafrika Dr. Aggrey, ambaye jina lake limebaki katika mtaa mmoja wa Kariakoo; na Oktoba 1925 serikali na misioni walikutana hapa mjini kushauriana juu ya elimu. Katika miaka hiyo, 1922 hata 1926, kijana mmoja wa Tanga alikuwa akisoma katika shule ya Msimbazi. Jina lake Shaaban Robert. Baadaye, alipokuwa baba na mtumishi wa serikali, aliwatungia watoto wake tenzi mbili za kuwaasa, mmoja kwa binti na mmoja kwa mwana, akifuata njia iliyotangulia kukanyagwa na Mwana Kupona wa Pate, aliyemtungia binti yake utendi mwaka 1858. Tenzi za namna hiyo ni johari ya lugha yetu. Walakini ndani yake mzazi husema, mtoto husikia. Twazitaja kwa sababu zaonyesha jinsi wasia ulivyokuwa sura ya juu ya mapenzi ya mzazi: mtu ampendaye mwanawe humpa maneno yaliyotimia. Kumwacha mtoto aulize na kukosea hakukuhesabiwa kuwa zawadi.

Shule ililifuata wazo hilo hilo kwa nguvu zaidi. Mwalimu alisema, darasa likarudia. Nasi wa misioni hatuwezi kujitoa katika hesabu hiyo, maana katekisimu yetu ilikuwa maswali na majibu, lakini swali lilikuwa la mwalimu na jibu lilikuwa la kitabu. Mtoto alipewa majibu ya mambo asiyokuwa amejiuliza, na yale aliyojiuliza kweli, kwa nini ndugu yake amekufa, kwa nini mvua haiji, aliyapeleka nyumbani kama alivyokuja nayo. Walikuwako walimu waliofanya vingine, nao wanakumbukwa na wanafunzi wao hata leo, ila utaratibu haukuwasaidia. Nafasi shuleni nazo zilikuwa chache. Wavulana waliokosa nafasi walizunguka sokoni wakibeba vikapu, na serikali iliwaita wahuni, ikawakamata mara kwa mara na kuwarudisha kwao mashambani. Katika mashauri hayo yote ulitafutwa ukali wa kuwatosha. Haikuulizwa sana kama mtoto yule alikuwa na mtu mzima hata mmoja mjini aliyelijua jina lake.

Katika siku hizo wataalamu nao walikuwa wakijifunza jambo hilo hilo katika nchi zetu, na ni ajabu jinsi habari zao zilivyochelewa kutufikia. Otto Raum, mwana wa mmisionari, aliyezaliwa Uchagani, alitoa mwaka 1940 kitabu juu ya utoto wa Wachaga. Wengine kabla yake waliyatafuta mafunzo ya Kiafrika katika jando na unyago; yeye alionyesha kwa mifano mingi kwamba kiini chake ni mambo madogo ya kila siku kati ya mzazi na mtoto. Miaka 1954 na 1955 Mary Ainsworth alikaa Uganda, akatembelea nyumba za vijiji vya karibu na Kampala, akawaangalia kina mama 26 na watoto wao wachanga 28 kwa miezi mingi. Kitabu chake, kilichotoka mwaka 1967, ni mmojawapo wa misingi ya elimu ya malezi duniani kote. Aliona kwamba mtoto mwenye matumaini kwa mama yake ndiye anayethubutu kutambaa kwenda mbali naye, maana ajua kwamba akigeuka atamkuta. Tena aliona kwamba mama za watoto hao walikuwa ndio walioweza kumsimulia mgeni habari za mtoto wao kinaganaga, alalavyo, apendacho, kimliizacho. Yaani walikuwa wamemwangalia. Wazungu na Wamarekani wanaosoma habari hizo katika vyuo vyao hawakumbuki sana kwamba zilianzia katika nyumba za Waganda.

Lakini tusiharakishe kusema kwamba kuitika ni namna moja. Robert LeVine na wenziwe, waliokaa na Wagusii wa Kenya katika miaka ya 1950 na tena ya 1970, waliona kwamba mama wa Kigusii alimwitika mtoto anayelia upesi kuliko mama wa Kimarekani, ila alimwitika kwa mgongo na kwa ziwa, si kwa mazungumzo. Kumtazama mtoto mchanga machoni na kusema naye kulikuwa kuchache. Maneno mtoto aliyapata baadaye, kwa dada na kaka zake. Mtoto huyo alipata utulivu, akajua kutii na kutumika. Akipelekwa shuleni, mahali ambapo kila kitu ni maneno, ilimbidi aanze upya. Twaona kwamba hapa ndipo penye fundo la habari yetu. Uwani pa Kariakoo paliunganisha vyote viwili, mikono ya bara na vinywa vya mji, kwa sababu watu walikuwa wengi na hawakuwa na lugha nyingine ya kukutania. Haikuwa shauri la mtu ye yote.

Baada ya uhuru Mtaa wa Kichwele uliitwa Uhuru, na mwezi wa Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Watu hukumbuka jembe na shamba la shule, husahau kwamba humo alitaka pia mtoto apewe akili yenye kudadisi. Kwa nchi ambayo mtoto alifunzwa kuitika na kunyamaza, hilo lilikuwa jambo zito. Kisha katika mwaka 1974, kwa Azimio la Musoma, ikaamuliwa watoto wote waingie shule ya msingi katika miaka michache, na hata kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 walikuwa zaidi ya milioni tatu. Tendo hilo ni miongoni mwa matendo makubwa ya nchi hii, wala hatupendi kumsikia mtu akilibeza. Lakini walimu walitafutwa haraka, wengi wakiwa vijana waliomaliza darasa la saba, na mijini watoto walipokezana vyumba asubuhi na alasiri. Azma ya kudadisi na hesabu ya madawati zilikutana mlangoni, na madawati ndiyo yaliyoshinda. Radio Tanzania ilikuwa na kipindi cha Mama na Mwana, na watoto walikikimbilia kwa hadithi zake. Ila redio, hata ikiwa na sauti tamu namna gani, haijui kwamba mtoto ameuliza.

Soko nalo lilibadilika. Jumba jipya lililochorwa na Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, nalo likaungua mwezi wa Julai 2021. Lakini mageuzi makubwa kuliko hayo yalikuwa ya nyumba. Tangu biashara ilipolegezwa katika miaka ya 1980 na kuendelea, nyumba za vyumba sita zimebomolewa moja baada ya moja, na mahali pake pamesimama maghorofa yenye maduka chini na ghala juu. Wenye nyumba wengi waliuza wakahamia pembezoni mwa mji. Palipokuwa uwani pamekuwa ngazi na mlango wa chuma. Mtoto anayekaa ghorofa ya tano na msichana wa kazi, ambaye mwenyewe ni mtoto aliyeacha kwao akiwa hajakomaa, huenda ana chakula na televisheni na sare safi, wala hana mtu wa saba wa kulicheka neno lake na kulitamka sawasawa. Wengine hawakuwa na ghorofa. Kituo cha Dogodogo, kilichoanzishwa mwaka 1992 kwa juhudi za Sista Jean Pruitt wa Maryknoll, kiliwapokea wavulana waliolala mitaani, wale wale ambao miaka ya nyuma wangaliitwa wahuni na kupakiwa katika gari.

Serikali haikulala. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na tangu mwaka 2016 michango ya lazima katika shule za msingi za umma iliondolewa. Madarasa ya watoto wadogo yakafurika tena. Mwezi wa Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, nayo imetaja nguzo tano: afya, lishe, ulinzi na usalama, ujifunzaji wa awali, na malezi yenye mwitikio. Neno hili la mwisho wapenda lugha walitazame vema. Ni lile lile la kuitika, ambalo kwa muda wote tujuao lilikuwa deni la mtoto, sasa limegeuzwa likamwelekea mkubwa. Wafasiri walitafuta namna ya kueleza wazo lililoandikwa Geneva, wakaokota neno lililokuwa limelala uwani.

Katika Mtaa wa Uhuru iko shule ya msingi ya Uhuru Mchanganyiko, ambayo wasioona na waonao husoma pamoja. Huko mwalimu amfundishaye mtoto nukta nundu hawezi kusema na darasa zima kwa mara moja. Hukaa kando yake, huushika mkono wake, huweka kidole chake juu ya nukta, hungoja. Mtoto hukitembeza kidole, husita, hutaja herufi, naye mwalimu hujibu papo hapo, ndiyo au siyo, kisha humwacha ajaribu inayofuata. Nje, hatua chache kutoka ukutani, kuna wanawake wauzao matunda katika beseni, na chini ya mwavuli wa mmoja wao hukaa mtoto wa miaka mitatu akipanga malimau na kuuliza, na mama yake, kati ya mteja huyu na yule, humjibu.